Korongo wa Ruzizi: namna ya kumtambua, kumuangalia na kumuachia nafasi yake

Karibu kila mkaaji wa pembeni ya mto Ruzizi amekwisha kuona ndege wa miguu mirefu anayesimama peke yake ndani ya maji, kimya, kama kijiti kilichopigwa kwenye matope. Watu wanapita na bidoni zao za maji, watoto wanapita wakienda masomo, ndege yuko tu palepale. Wengi wanajua kama yuko, lakini wachache wamekwisha kukaa chini nusu saa nzima kwa kumuangalia tu. Ni furaha moja ya kimya ambayo haiombi franka, haiombi umeme, haiombi diplome. Inaomba macho na subira.

Ndege huyo ni korongo. Makala haya yanaeleza yeye ni nani, jamaa zake ni wa aina gani, anawinda namna gani, na mtu afanye nini kwa kumuangalia bila kumsumbua na bila kujitia hatarini. Yanaeleza pia kitu kimoja ambacho wavuvi wa zamani wanakijua: pale korongo anaposimama, ndipo samaki wadogo wanapokulia. Tukiharibu pahali pake, tunaharibu na chakula chetu.

Jina lake

Majina ya ndege hizi yanachanganya watu. Katika vitabu vya Kiswahili vya Tanzania na Kenya, utakuta «korongo» na pia «kulastara». Wenye kusoma kwa Kifaransa wanamjua kwa jina la héron. Wale weupe, sana sana wanaotembea na ng'ombe, wanaitwa yangeyange kwenye pwani. Kwa Kinyarwanda na Kirundi ni inyange, na kwetu watu wengi wanasema tu nyange. Hapa tutasema korongo kwa jamaa yote, na nyange kwa wale weupe.

Kila ndege mwenye miguu mirefu si korongo. Alama ya kwanza ni shingo wakati anaruka. Korongo akiruka anakunja shingo yake, kichwa kinarudi katikati ya mabega, na miguu inabaki nyuma imenyooka. Umusambi, yule mwenye taji ya rangi ya dhahabu kichwani, anaruka shingo imenyooka mbele kama mkuki. Marabu naye anakunja shingo, lakini huwezi kumkosea: kichwa hakina manyoya, mdomo ni mnene, na unamkuta kwenye majaa ya takataka na machinjio. Kuna pia ndege mdogo wa rangi ya kahawia, kichwa kimekaa kama nyundo, anayejenga kiota kikubwa kushinda mwili wake mara nyingi. Watu wa sehemu mingi za Afrika wanamuogopa na wanasema ni ndege ya mikosi. Huyo naye si korongo, na hana ubaya wowote.

Mto wenyewe

Ruzizi inatoka kwenye Ziwa Kivu, pale Bukavu, kwenye urefu wa karibu metre 1,460 juu ya bahari. Inaingia kwenye Ziwa Tanganyika, karibu na Uvira, kwenye metre 770 hivi. Njia yake yote ni karibu kilometre 117. Kwanza inagawanya Kongo na Rwanda, halafu inagawanya Kongo na Burundi.

Sehemu ya juu, kutoka Bukavu mpaka karibu na Kamanyola, mto unashuka kwa nguvu katikati ya milima. Ndiyo sababu sentrali za umeme zimejengwa huko: Ruzizi ya kwanza ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi ya pili mwaka 1989. Korongo hapendi maji ya kukimbia vile, maana hawezi kuona samaki ndani ya povu. Kule juu utamkuta zaidi kwenye pembe za ziwa na pale maji yametulia.

Kuanzia Kamanyola, bonde linafunguka. Mto unatembea polepole, unajipinda, unaacha vidimbwi pembeni. Ukishuka kupitia Luvungi, Luberizi, Sange mpaka Kiliba, unakuta mashamba ya mpunga, mifereji, malisho ya ng'ombe na matete. Huko ndiko kwake. Mwishoni kabisa, kabla ya kuingia ziwani, mto unagawanyika na kutengeneza eneo pana la matete na maji mafupi. Upande wa Burundi sehemu hiyo ni hifadhi ya taifa, na mwaka 2002 iliandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya maeneo oevu yenye maana kwa dunia nzima. Ndege hawajui mpaka: asubuhi wanakula huku, jioni wanalala ng'ambo.

Wale utakaowaona

Mtu anayeanza asijisumbue kujifunza wote siku moja. Jua kwanza hawa.

Korongo mkubwa, Goliati. Huyu amepewa jina la yule jitu wa Biblia, na anastahili. Ni korongo mrefu kushinda wote duniani: santimetre 120 mpaka 150. Akifungua mabawa, yanapita metre 2. Kichwa na shingo ni vya rangi ya kahawia nyekundu, mgongo ni wa kijivu. Anapenda kukaa peke yake na anaruka polepole sana, unaweza kuhesabu kila pigo la bawa. Hakamati samaki wengi kwa siku, lakini akikamata ni samaki wa maana. Mara ingine tai wa samaki, yule mwenye kichwa cheupe, anamuangukia juu na kumnyang'anya.

Korongo wa kijivu. Ana urefu wa karibu metre 1. Kichwa ni cheupe na mstari mweusi unatoka juu ya jicho mpaka kisogoni, ambapo manyoya mawili matatu yananing'inia kama utepe. Huyu ndiye yule wa kusimama kando ya maji kama mlinzi.

Korongo wa kichwa cheusi. Anafanana na wa kijivu, lakini kichwa na nyuma ya shingo ni vyeusi, koo ni jeupe. Tofauti kubwa ni mahali: huyu anatembea nchi kavu. Utamkuta kwenye shamba la mihogo lililolimwa juzi, kwenye malisho, hata kwenye kiwanja cha mpira asubuhi mapema. Anatafuta panya, panzi, mijusi na vyura.

Korongo wa zambarau. Mwembamba, shingo nyekundu yenye mistari myeusi. Anajificha ndani ya matete, na akisikia mtu ananyoosha shingo juu na kubaki vile, mpaka huwezi tena kumtofautisha na tete. Baadhi yao wanatoka Ulaya na Asia ya magharibi wakati wa baridi ya kwao, halafu wanarudi kuzaa.

Nyange wa ng'ombe. Mdogo, mweupe, mdomo wa manjano, shingo fupi. Anafuata ng'ombe, maana kila hatua ya ng'ombe inarusha panzi na wadudu. Wakati wa kuzaa anapata rangi ya chai ya maziwa kichwani, kifuani na mgongoni. Ndege huyu wa Afrika alivuka bahari ya Atlantiki peke yake. Mwishoni mwa karne ya 19 alionekana Amerika ya Kusini, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa amekwisha kufika Amerika ya Kaskazini. Hakuomba viza.

Nyange mdogo wa maji. Mweupe pia, lakini mdomo ni mweusi, miguu ni myeusi, na vidole ni vya manjano, kama mtu aliyevaa suruali nyeusi na viatu vya rangi. Hasimami sana: anakimbia ndani ya maji mafupi, anatikisa mguu kwenye matope ili kuwatoa samaki walipojificha.

Nyange mkubwa. Mweupe wote, urefu wake unakaribia ule wa korongo wa kijivu, shingo ndefu yenye kona katikati.

Kuna na wadogo wa kujificha. Mmoja ni wa rangi ya mchanga: amesimama kwenye mpunga humuoni, lakini akiruka anageuka mweupe kwa ghafla, sababu rangi nyeupe iko kwenye mabawa aliyokuwa amefunga. Mwingine ana mgongo wa kijani-kijivu, anakaa kwenye mizizi na matawi yanayogusa maji. Jamaa yake huyo imeonekana katika sehemu mbalimbali za dunia ikiangusha mdudu ama unyoya juu ya maji kama chambo, halafu inangojea samaki aje. Wa tatu ni korongo wa usiku: mnene, macho mekundu, kisogo cheusi. Mchana analala kwenye mti; giza likianza kuingia utasikia sauti yake kavu, «kwak», wakati anapita juu ya vichwa.

Namna anavyowinda

Hapa ndipo raha ya kumuangalia inapoanza, na inafaa kuelewa kinachotokea ili usichoke mapema.

Korongo anachagua maji yasiyopita miguu yake. Anaingia polepole, anainua mguu mmoja, anaushusha bila kurusha tone. Halafu anasimama. Macho yake yamekaa kwa namna ambayo anaweza kuona chini ya mdomo wake bila kuinamisha kichwa. Kwa hiyo unapofikiri kama anaangalia ng'ambo ya mto, kumbe anaangalia miguuni mwake.

Kuna tatizo lingine analolimaliza bila shule. Ukitia kijiti ndani ya maji, unakiona kama kimevunjika, sababu mwangaza unapinda unapotoka kwenye maji kuingia hewani. Samaki naye haonekani pale alipo kabisa. Mtoto anayejaribu kuchoma samaki kwa mkuki anakosa mara mingi kwa sababu hiyo. Korongo anajua kupima tofauti hiyo, na anapiga pale samaki alipo, si pale anapoonekana.

Pigo lenyewe linatoka shingoni. Sisi binadamu tuna mifupa 7 ya shingo, na twiga pia ana 7. Korongo anayo karibu 20, na mmoja kati yao umerefuka kushinda mingine. Ndiyo inafanya shingo ijikunje kama herufi S, halafu ifunguke kwa nguvu kama mtego. Anakamata samaki, anamgeuza, anammeza kichwa kwanza ili mapezi na miiba yasikwame kooni. Utaona koo linavimba, halafu uvimbe unashuka polepole.

Mara ingine anakosa. Hilo watu hawalisemi sana, lakini ukikaa utaliona. Anapiga, anatoka na mdomo mtupu, anatikisa kichwa, anasogea hatua mbili, anaanza upya. Hakuna hasira ndani yake.

Akishiba anajisafisha. Kifuani ana manyoya ya namna ya pekee yanayosagika na kuwa unga. Anajipaka unga huo mahali palipopata utelezi wa samaki, halafu anajichana kwa ukucha wa kidole cha katikati ambao una meno kama kitana. Kazi hiyo inaweza kuchukua muda mrefu, na ni wakati mzuri wa kumuangalia, maana hana haraka ya kuondoka.

Kiota na watoto

Korongo wengi wanawinda kila mmoja peke yake, lakini wanazaa pamoja. Wanachagua mti mkubwa ama matete mazito na kujenga viota karibu karibu, kama kijiji. Korongo dume analeta vijiti, jike anavipanga. Kwa korongo wa kijivu, mayai ni 3 mpaka 5, rangi ya samawati iliyopauka. Baba na mama wanapokezana kuyalalia kwa siku 25 hivi, na watoto wanabaki kwenye kiota karibu siku 50 kabla ya kuruka vizuri.

Kijiji cha korongo kina kelele na harufu. Chini ya mti panajaa mavi meupe na vipande vya samaki. Wenye nyumba karibu wanaweza kuudhika, na tunawaelewa. Lakini mti ule ukikatwa wakati watoto hawajaruka, kizazi kizima cha mwaka kinapotea siku moja. Kama ni lazima kukata tawi, ngojea viota viwe vitupu.

Namna ya kumuangalia

Saa. Asubuhi kuanzia jua linapotoka mpaka saa mbili, na jioni kuanzia saa kumi mpaka giza. Mchana wa jua kali korongo wengi wanapumzika. Jioni iko na zawadi yake: nyange wanarudi kulala kwa makundi, mistari mieupe juu ya bonde, na wanagombania matawi kama abiria wanaogombania viti.

Pahali. Kaa mahali unapoona maji mafupi yaliyotulia: pembe ya mto, mfereji wa mpunga, dimbwi lililoachwa na mafuriko. Kaa chini, usisimame. Mtu aliyesimama anaonekana mbali. Mtu aliyekaa pembeni ya kichaka anasahauliwa haraka. Jua liwe mgongoni mwako, utaona rangi vizuri.

Umbali. Hatua 40 ama 50 zinatosha. Ukiona ananyoosha shingo juu na kuacha kuwinda, jua amekuona na ana wasiwasi. Usisogee tena. Akitulia na kurudisha shingo, amekukubali.

Vyombo. Jumeli ni nzuri kama unayo, lakini si ya lazima. Korongo ni mkubwa, macho matupu yanatosha. Daftari ndogo inasaidia kushinda telefone: andika siku, saa, mahali, ni korongo gani, wangapi. Baada ya mwaka mmoja daftari hiyo itakuambia mambo ambayo kichwa kimesahau.

Usalama. Hapa tusicheze. Kwenye Ruzizi kuna viboko na mamba. Usikae kwenye njia ambayo kiboko anapitia kutoka majini kwenda malishoni, utaijua kwa majani yaliyolazwa na mavi yaliyotawanyika. Usitie miguu majini ukingoni. Usibaki mtoni usiku. Chini ya sentrali za umeme, maji yanaweza kupanda kwa ghafla wanapofungua mitambo. Na tusisahau kama mto huu ni mpaka wa nchi: usielekeze jumeli wala telefone kwenye kambi, kizuizi ama watu wenye silaha, upande wowote. Pale ambapo hali haijatulia, usiende. Korongo yuko pia kwenye mfereji wa mpunga karibu na nyumba.

Kwa nini kunatuliza roho

Watu wengine watauliza: kuangalia ndege kunasaidia nini, wakati watu wana njaa na wengine wako kambini? Ni swali la haki. Kuangalia korongo hakuleti unga. Lakini hata mtu mwenye taabu ana macho, na macho yake yanachoka kuona tu mambo ya kuogopesha. Ukikaa mbele ya ndege ambaye kwa dakika 20 hafanyi kitu, mwanzoni mawazo yako yanakimbia: deni, mtoto mgonjwa, habari za jana. Halafu polepole masikio yanafunguka, unasikia maji, unasikia vyura. Unaanza kungojea kile anachokingojea yeye. Wakati anapiga, unashtuka, sababu ulikuwa umesahau mwenyewe kama unangojea.

Wazee wanaovua kwa ndoana wanajua hali hiyo bila kuipa jina. Wanashinda ukingoni saa nne, wanarudi na samaki watatu, na bado uso umetulia. Kwa watoto pia ni shule: mtoto anayejifunza kunyamaza nusu saa kwa kuona nyange akikimbiza samaki amejifunza kuangalia, na hiyo itamsaidia darasani na maishani. Mwalimu wa msingi mwenye darasa karibu na bonde anaweza kuwapeleka watoto kwenye mfereji asubuhi moja, kila mmoja ahesabu nyange na kuchora mmoja. Karatasi na kalamu vinatosha.

Je, korongo ni adui ya mvuvi?

Malalamiko haya tunayasikia mara nyingi: ndege anakula samaki zetu. Tutenganishe mambo mawili.

Mtoni na ziwani, korongo anawinda kwenye maji mafupi, ambapo wavu wa mvuvi haufanyi kazi vizuri. Anakula samaki wadogo, vyura, kaa na wadudu. Hawezi kwenda katikati ya ziwa kufuata ndakala na mikeke. Samaki wakipungua, tuangalie kwanza nyavu za matundu madogo, vyandarua vya mbu vinavyoburutwa ukingoni, na sumu inayomwagwa majini. Hivyo ndivyo vinafagia watoto wa samaki kwa maelfu. Sumu ile inaua pia korongo anayekula samaki aliyekufa nayo, na inaweza kumdhuru mtu.

Kwenye bwawa la kufuga samaki, ni kweli, hasara inaweza kuwa kubwa, maana pale samaki wamefungwa mahali pamoja. Lakini kuna dawa bila kuua. Korongo anaingia majini kwa miguu, hawezi kuogelea kama bata. Chimba ukingo uwe wa kushuka wima na maji yawe marefu tangu pembeni, atakosa pa kusimama. Piga vijiti na nyuzi kuzunguka bwawa, mstari mmoja kwenye urefu wa goti na mwingine juu yake kidogo. Bwawa dogo la tilapia ama la watoto wa kambale unaweza kulifunika kwa wavu wa zamani. Weka na matawi ndani ya maji ili samaki wapate pa kujificha.

Kwa mkulima wa mpunga, hesabu ni nzuri zaidi. Nyange wanaokanyaga kitalu kipya wanaweza kulaza miche kadhaa, lakini siku zingine zote wanakula panzi na viwavi. Na korongo wa kichwa cheusi anakamata panya, adui mkubwa wa ghala.

Kinachomtishia leo

Kwanza ni matete. Yanakatwa kwa kujenga uzio, kwa mikeka, na mara ingine yanachomwa ili kupata shamba mpaka kwenye maji. Tunajua ni kwa sababu ya uhaba wa ardhi na maisha magumu. Lakini matete yanashika udongo wa ukingo, yanapunguza nguvu ya mafuriko, na ndani yake samaki wanataga. Bonde hili limeona maji ya Ziwa Tanganyika yakipanda na kuingia kwenye nyumba za watu miaka hii ya karibu, hata mwaka 2024. Ukingo mtupu unaliwa na maji haraka kushinda ukingo wenye matete. Njia ya katikati iko: kukata kwa sehemu na kwa zamu, kuacha upana wa hatua kadhaa kando ya maji, na kutochoma.

Pili ni takataka. Chupa na sachee za plastiki zinazotupwa kwenye mitaro ya Bukavu zinaenda ziwani, zinafika kwenye Ruzizi, na zinakusanyika mpaka kwenye vizuizi vya sentrali ya umeme, ambapo wafanyakazi wanalazimika kuziondoa. Kinachoharibu pahali pa korongo ndicho kinachoharibu umeme wa mji.

Tatu ni manati na mawe. Watoto wanapiga nyange kwa mchezo. Hapa dawa ni mzazi na mwalimu.

Dunia imekwisha kuona namna nyange wanavyoweza kukaribia kuisha. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Ulaya na Marekani, manyoya yao membamba ya wakati wa kuzaa yaliuzwa kwa bei kali kwa kupamba kofia za wanawake. Wawindaji waliua wazazi kwenye viota na kuacha watoto wafe kwa njaa. Ni wanawake pia walioanza kupinga: Uingereza, mwaka 1889, walianzisha chama cha kukataa kofia hizo, na mwaka 1921 sheria ikakataza kuingiza manyoya hayo nchini. Biashara ilipokufa, ndege walirudi katika sehemu mingi. Korongo hana madai mengi. Akiachiwa mti wa kuzaa, maji mafupi na samaki, anarudi mwenyewe.

Kama hauishi kwenye Ruzizi

Jamaa hii iko karibu kila pahali penye maji katika majimbo yetu. Kivu ya Kaskazini, tafuta kando ya Ziwa Edouard, kwenye Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge, pale wavuvi wanaposafisha samaki. Maeneo hayo yako ndani ya hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925 na kuandikwa katika orodha ya Ramsar mwaka 1996. Fuata sheria za hifadhi. Ituri kuna kando za Ziwa Albert na mto Semliki. Katika jimbo la Tanganyika, angalia Kalemie, pale Lukuga inapotoka ziwani. Maniema kuna Lualaba, hata ndani ya mji wa Kindu. Na kama hauna mto karibu, angalia malisho: palipo na ng'ombe, nyange hayuko mbali.

Unaweza kuanza kesho asubuhi. Chagua pahali pamoja, salama, karibu na nyumba. Rudi hapo mara moja kwa juma, saa ileile, na uhesabu. Korongo wakiongezeka, jua maji yako yana uzima. Wakipungua mwezi kwa mwezi, usingoje mtaalamu atoke mbali: uliza wavuvi, angalia matete, angalia kinachotupwa juu ya mto, na uleteni habari hiyo kwenye mkutano wa mtaa ama wa kijiji. Mwenye kuangalia kila juma ndiye wa kwanza kujua kama mto unaugua.